Waldemar Afungua Mlango wa Ruta

Pale mtaani kwetu La Teja ukisema mtu ana mafua ya Waldemar, hakuna atakayekuuliza maana yake. Mate, si ya mdomoni bali chai yetu ya majani machungu, tunainywa kwa kupokezana. Kibuyu ni kimoja, mrija mmoja, mwenye themosi anamimina na kumpa aliye karibu naye, na kibuyu kinazunguka mpaka majani yaishe ladha. Ndivyo tulivyo, na asiyependa ahame. Lakini Waldemar Echegoyen, aliyetembea na themosi kwapani asubuhi mpaka jioni kama amezaliwa nayo, alikuwa hajawahi kumpa mtu hata funda moja.

"Msinione mchoyo, jamani," alikuwa akisema huku anavuta kiti kwenye baraza la watu. "Nina mafua. Nitawaambukiza bure."

Kisha kibuyu cha wenyewe kikimfikia, anakipokea bila kupepesa macho, ananyonya mpaka mrija unakoroma. Mafua gani hayo, sijui. Yaliambukiza akitoa tu, akipokea hayana neno.

Alikuwa karani mstaafu wa bandarini, anaishi pale kona, katika nyumba iliyokuwa duka la baba yake, Don Fermín. Shata la chuma la duka lilikuwa bado lipo, na ukutani, juu kabisa ya kompyuta, ilining'inia picha kubwa ya Don Fermín mwenyewe akiwa nyuma ya mizani, aproni nyeupe, masharubu yamekatwa vizuri, mkono umetua kwenye sahani ya mizani. Waldemar aliipangusa vumbi picha ile kuliko alivyowahi kupangusa meza. "Mnauona mkono ule?" aliwaambia wageni. "Mkono wa mtu mwaminifu. Baba yangu hakumdhulumu mtu senti." Wazee wa mtaa wakisikia hivyo walikuwa wanatazama dari.

Sasa mkewe, Zulma Píriz, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu, alikuwa anatimiza miaka sitini Jumapili moja ya Oktoba. Na Waldemar, mkono wa birika kama mlivyokwisha kumjua, alikuwa anahangaika na swali lililomtesa kila mwaka: atampa nini ambacho hakinunuliwi?

Jibu alilipata kwenye mtandao. Baba yake Zulma, marehemu Ubaldo Píriz, aliimba kwenye murga, wale waimbaji wetu wa kanivali wanaojipaka rangi usoni na kupanda jukwaani kuwasema watu, kuanzia rais mpaka muuza nyama. Alifariki Zulma angali mdogo sana. Uso wake Zulma anaujua kwa picha. Sauti yake hana. Siku moja, anapinda upindo wa sketi ya mtu, alisema tu, bila kumwangalia yeyote: "Mikono ya baba naikumbuka. Harufu ya tumbaku naikumbuka. Sauti imenitoka. Hivi mtu anapotezaje sauti ya baba yake?"

Basi kwenye baraza moja la mtandaoni la wapenzi wa murga, Waldemar alikuta Mruguay mwenzetu, mmoja wa wale waliokimbilia Uswidi wakati wa utawala wa wanajeshi, anayejiita Ngoma wa Malmö. Alikuwa na mkanda wa redio wa onyesho zima la murga ya Ubaldo, kautia kwenye kompyuta na kuuachia kwenye ile programu ya kugawana mafaili yenye picha ya nyumbu. Nyumbu, tuliiita hivyo tu. Unachukua kwa watu, watu wanachukua kwako.

Na bei yake? Bure! Waldemar almanusura acheze.

Alitangaza zawadi hiyo kwa shemeji yake Nery, kaka yake Zulma, kwenye nyama choma ya Nery, akiwa na kipande cha ubavu cha Nery mkononi. "Jumapili ijayo," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Zulma atamsikia baba yake. Sauti yake mwenyewe! Nimeitafuta mimi."

Zulma aliweka sahani chini. Aliingia ndani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Nery aligeuza soseji taratibu. "Onyesho la mwaka gani hilo, shemeji?"

"Mwaka ule wa joto kali. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka kwa sababu baba alifunga duka mapema kila siku, akanipeleka kwa shangazi kule Minas kanivali nzima. Alikuwa hapendi makelele ya ngoma."

"Ehe, makelele," Nery alisema, na koleo likamsimama mkononi. "Una hakika unataka tuusikilize mkanda mzima?"

"Kwani una nini?"

"Hauna kitu. Mimi simo, bwana. Kula nyama."

Waldemar akala nyama. Swali lile hakulifikiria tena, maana kichwani alikuwa tayari anapokea pongezi.

Shida ilianza Jumatatu. Faili lilishuka kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Unaenda kuoga, unarudi, mstari wa kwenye kioo unaoonyesha limefika wapi uko palepale. Unakwenda sokoni, unarudi, palepale. Halafu Ngoma wa Malmö akaandika barazani kwamba Ijumaa anahama nyumba, anafunga kompyuta, na hajui lini ataifungua tena. Kwa hiyo anayetaka kitu achukue sasa. Na kitu kile hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Waldemar akapiga simu kampuni ya simu na kumfokea binti wa watu. Binti akapima laini, akasema haina kasoro. Waldemar akasema basi ni upepo. Baadaye akasema ni jirani anamwibia mtandao. Mwisho akasema ni kompyuta ya Zulma, ile kuukuu ya chumba cha kushonea, ndiyo inanyonya kila kitu. Zulma, anayeitumia kutazama mitindo ya magauni tu, akamwangalia juu ya miwani na kuendelea kushona.

Ikabidi aulize barazani. Majibu yakamiminika.

"Mzee, umefungua mlango kwenye ruta?"

"Mlango gani?"

"Watu wakitaka kuchukua kitu kwako, wanabisha hodi kwenye ruta, kile kisanduku kinacholeta mtandao nyumbani. Ruta haijui wanamtaka nani, inawafukuza. Nyumbu akiona kwako hakubishiki, anakupa daraja la chini. Fungua mlango, uiambie ruta hodi zote izielekeze kwenye kompyuta yako."

Waldemar akasoma mara ya pili, jasho likamtoka. Watu waingie? Kwake? Yeye ambaye ngazi yake ya mbao aliifunga kwa mnyororo uani isije ikaazimwa? Lakini alikuwa ameshatangaza, na kwenye nyama choma ya watu. Akaigeuza ruta, akasoma neno la siri chini ya tumbo lake, akaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, akafungua mlango.

Mstari ukaanza kwenda! Lo, alivyovimba kichwa! Mchana ule alimweleza kila aliyepita nje jinsi alivyoitengeneza ruta mwenyewe, hadi muuza mayai akachelewa.

Kisha akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Na kabla ya kulala, kama kila siku ya maisha yake, alizunguka nyumba nzima akichomoa nyaya ukutani. Redio, taa ya meza, saa ya jikoni, ruta. Umeme haukai bure kwenye nyumba ya Echegoyen.

Alipoamka na kuwasha kila kitu, mstari ulikuwa umelala tena. Akafungua mlango upya, na mlango ulikuwa wazi vilevile, lakini hakuna kitu. Akaihamisha ruta, akaiweka juu ya friji. Akaigeuza iangalie dirishani, upande wa Uswidi, kwa hesabu zake. Kesho yake hivyohivyo, na Jumatano hivyohivyo.

"Ruta imerogwa," aliandika barazani. "Asubuhi inafanya kazi, baada ya usingizi wa mchana haifanyi."

"Mzee, kwani unaizima?"

"Kila mchana."

"Kwa nini?"

"Umeme."

Kicheko cha baraza zima kilipita pale, kutoka Salto mpaka Sydney. Mmoja akamwandikia kwamba kengele ya mlango wake inakula umeme kuliko ruta. Mwingine, mwenye huruma kidogo, akamfafanulia. Kila ruta ikiwaka upya inagawa namba kwa kompyuta za nyumbani, na ya kwanza kuamka ndiyo inayochukua namba ya kwanza. Nani anaamka kwanza nyumbani kwako? Zulma, bila shaka. Mke ndiye aliyekuwa anarudi kazini mume angali anakoroma. Kompyuta yake kuukuu ilichukua namba ya Waldemar, na hodi zote za dunia zikaenda kubisha kwenye chumba cha kushonea, ambako hapakuwa na Nyumbu wala punda. Dawa yake ni kuipa kompyuta ya Waldemar namba ya kudumu, na kuacha kuchomoa nyaya.

Akafanya. Ya nyaya ilimuuma, lakini akafanya. Na mstari bado ukatambaa.

Jioni hiyohiyo ujumbe ukaja kutoka Malmö.

"Bwana wa La Teja, nakuona kwenye foleni yangu tangu Jumatatu. Mko wengi, na Nyumbu anawatanguliza wanaonipa na mimi. Wewe nimeomba kwako utangazaji wa redio wa ile fainali ya klabu yetu ya mtaa, nimeona unao. Unanidondoshea kama dawa ya macho. Umeweka kikomo gani cha kutoa?"

Hapo ndipo penyewe. Kikomo cha kutoa, yaani kasi ya juu ya vitu kutoka kwake, Waldemar alikuwa amekiweka moja, siku ya kwanza kabisa, hata kabla hajatafuta wimbo wa kwanza. Angeweka sifuri kama Nyumbu angemruhusu. Na Nyumbu si mjinga: anayebana sana kutoa, programu yenyewe inambana kupokea. Waldemar alijinyonga kwa mkono wake, halafu akawa anazunguka nyumba nzima anatafuta kamba imetoka wapi.

"Laini yangu ndogo," alimjibu. "Nina matatizo ya kiufundi."

"Pole na mafua," akaandika yule wa Malmö. Maana na yeye ni mtoto wa La Teja, na habari hazihitaji ruta.

Waldemar alifura. Yaani mtu ametoroka nchi miaka yote hiyo, bado anamsema! Akapandisha kikomo kutoka moja hadi mbili, kwa hasira, ili isisemwe hatoi. Akaenda kulala akiamini amefilisika.

Alhamisi baada ya usingizi wa mchana alimkuta Zulma ameketi mbele ya kompyuta ya mumewe, mikono mapajani, sindano ingali imechomekwa kwenye kola. Alikuwa anautazama ule mstari, kwa subira ya mtu aliye kituoni na ameshaambiwa basi halipo.

"Umesogea?" Waldemar akauliza.

"Jana ulikuwa hapa." Zulma akagusa kioo kwa ukucha. "Leo uko hapa."

"Laini, mke wangu. Kampuni hizi..."

"Waldemar, usihangaike. Nimeshazoea."

"Umezoea nini?"

"Kungoja kitu kitoke kwako."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali Waldemar angepata la kujibu. Alinyanyuka, akarudi kwenye cherehani yake, na cherehani ikaanza kulia.

Waldemar alisimama pale akiwa na themosi kwapani. Alijisikia vibaya, tuseme ukweli, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwake kiasi kwamba kwanza alidhani ni tumbo. Halafu akakaa, akafungua mipangilio ya Nyumbu, akafuta ile mbili. Akaweka kikomo ambacho vijana wa barazani walimshauri, kikubwa, nusu na zaidi ya uwezo wa laini. Akafumba macho akabonyeza.

Utangazaji wa fainali ukaondoka kwenda Malmö. Nyimbo zake alizozirundika miaka na miaka zikaanza kuondoka kwenda kwa watu asiowajua. Alizitazama zinavyoenda, akawa anajikumbusha kwamba hazipungui, kwamba ni nakala tu, nakala tu. Na upande wa pili mstari wa Ubaldo ukanyanyuka. Haukutambaa tena, ulikimbia. Ijumaa asubuhi, yule wa Malmö akiwa ameshafunga masanduku yake, kipande cha mwisho kikaingia.

"Limeshuka!" Waldemar alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka. "Zulma! Limeshuka lote!"

Zulma alitaka walisikilize palepale. Waldemar akakataa. Zawadi ni ya Jumapili, na mbele ya watu. Kwa mtu aliyetoa zawadi moja maishani, mashahidi ni muhimu.

Jumapili chumba kilijaa. Nery alikuja na nyama, majirani walikuja na keki na viti vyao. Waldemar alitoa spika za kuazima, akasimama chini ya picha ya Don Fermín na kutoa hotuba kuhusu ruta, milango, namba za kudumu, na jinsi mtu akijitolea hakuna linaloshindikana.

"Washa, shemeji," Nery alisema. "Nyama inapoa."

Akawasha. Mkwaruzo wa redio ya zamani, ngoma, matoazi, kundi zima likaingia kwa pamoja. Zulma alikuwa ameshika mkono wa kiti. Waliimba juu ya serikali, juu ya bei ya mkate, juu ya mwamuzi kipofu. Kisha ngoma zikashuka, na sauti moja ikatoka peke yake, nzito, ina mchanga kidogo kooni.

"Ndiye," Zulma akasema kabla mtu hajamwambia. "Ndiye huyo. Baba."

Na Ubaldo Píriz akaimba:

*Twende kwa Fermini dukani,*
*atupimie mizanini:*
*kilo ya sukari, amini,*
*robo ni gumba lake ndani!*

Kule redioni umati wa jukwaani ulikuwa unaangua kicheko, mtaa mzima wa La Teja wa zamani, bibi zetu na babu zetu, wanacheka mpaka wanapiga miguu. Ubaldo akawaacha wapumue, akaendelea:

*Akifa leo, jamani,*
*msizike gumba kaburini:*
*lile ni letu mtaani,*
*tulilinunua dukani!*

Nery alikuwa amejiziba mdomo na kitambaa cha meza, mabega yanamtetemeka. Na watu, bila kuambizana, wakanyanyua macho kuitazama picha. Don Fermín, aproni nyeupe, masharubu safi. Mkono wa mtu mwaminifu, na kidole gumba kimebonyea barabara juu ya sahani ya mizani. Miaka yote kilikuwa pale, na mwanawe ndiye aliyekipangusa vumbi.

Zulma alianza kucheka. Alicheka machozi yakamtiririka, akalia na kicheko hakijaisha, ukashindwa kujua anafanya lipi. "Rudisha," alisema. "Rudisha pale anapoanza peke yake."

"Tusonge mbele, mke wangu," Waldemar alisema, uso umekuwa wa majivu. "Mbele kuna pazuri zaidi."

"Mbele anaimba peke yake tena?" Zulma alimgeukia kaka yake.

"Hapana, dada," Nery akasema. "Mzee alipewa hicho kipande tu mwaka ule. Alikingojea miaka."

Hapo ndipo Waldemar alipokumbuka Minas, kwa shangazi, na duka lililofungwa mapema kila siku. Na macho yake yakadondokea kwenye kioo cha kompyuta. Nyumbu alikuwa kazini. Mlango ulikuwa wazi na namba ilikuwa ya kudumu, kila kitu kimepangwa kitaalamu kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, na watu walikuwa wanabisha hodi kutoka Toronto, Valencia, Sydney na Buenos Aires, foleni inashuka mpaka chini ya kioo. Malmö alikuwa amezima. Duniani kote, kidole gumba cha Don Fermín kilikuwa kinatoka nyumba moja tu.

Waldemar aliruka. Kwa umri wake, aliruka kweli, akaufikia waya wa ruta pale juu ya friji.

"Gusa uone," Zulma akasema.

"Zulma, ni baba yangu!"

"Na anayeimba ni wangu." Alikuwa ameshasimama, amejipanga kati ya mumewe na friji, machozi hajayafuta. "Miaka yote hii umenipa nini, Waldemar? Hiki umenipa. Na zawadi ikishatolewa si yako tena. Waache wachukue, hao wote ni watu wa mtaa huu."

Waldemar akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Muuza mayai akawa anaangalia keki. Nery akanyoosha mkono kuelekea kwenye ile themosi, kwa adabu zote.

"Kaa chini, shemeji, umimine. Au mafua bado?"

Waldemar akakaa. Akamimina, kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama, na maji mengine yakamwagika kwenye suruali yake. Kibuyu kikazunguka. Zulma alikunywa akiwa amesimama palepale mbele ya friji, ruta inapepesa taa zake nyuma ya kichwa chake.

"Sasa rudisha," alimwambia mumewe. "Na uongeze sauti."